Kiti Kidogo, Kasha Kubwa: Meza Yangu ya Maonyesho Haikuniletea Kitu

Bi. Mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkaazi wa Kibokoni, Mombasa, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitengeneza samani na vyombo vidogo vya nyumba ya mwanasesere: makasha yenye misumari ya shaba, viti vya enzi, vitanda vya besera, vinu na michi yake, vyetezo vya udi, na mbuzi za kukunia nazi. Marehemu babangu alikuwa fundi wa makasha, nami nilianza kwa kuokota vipande vya mbao vilivyoanguka chini ya meza yake. Sikufundishwa vipimo, natazama, nakata na kulinganisha kwa jicho.

Mwezi uliopita nilikodi meza kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya siku mbili ya kazi za mikono hapa mjini. Nililipa Sh3,500 za meza na Sh600 za tuktuk. Nilitandika leso, nikapanga juu yake kila nilichokuwa nacho, vipande zaidi ya 70. Kwa siku zote mbili niliuza mbuzi sita kwa Sh400 kila moja na kasha moja kwa Sh1,800, basi. Nilipotoa gharama hizo mbili nilibaki na shilingi 100, na hapo sijahesabu mbao wala chakula changu cha mchana.

Watu hawakukosa kusimama. Walisimama, wakafurahi, wakapiga picha, wakaenda zao. Baba mmoja aliniambia mbele za watu kwamba kutoza Sh1,500 kwa kiti ambacho mwanawe atakivunja kabla hawajavuka feri ni wizi. Bibi mmoja mgeni, aliyesema kuwa yeye ni mkusanyaji wa vitu hivi, alitoa rula mkobani, akapima kiti, akapima kasha, akatikisa kichwa, kisha akanunua mbuzi mbili na kuondoka. Mpaka leo sijui aliona kosa gani. Kiti changu kina kimo cha sentimita 6, kasha lina urefu wa sentimita 15 na kimo cha 9, na mbuzi ina urefu wa 4.

Sasa nina mambo matatu yanayoninyima usingizi. Shangazi yangu ashikilia kwamba nishushe bei zote nusu, kwa kuwa hivi ni vichezeo tu. Pili, mfanyabiashara mmoja anayewauzia watalii vitu vya ukumbusho alinijia jioni ya siku ya pili, akaagiza makasha 60 kwa Sh900 kila moja, yawe tayari baada ya wiki sita, naye atanilipa akishayauza. Tatu, ami yangu ana magamba mawili ya kasa aliyoyaweka tangu zamani, na ananishauri niyakate niyatie kwenye viti badala ya mfupa wa ng'ombe ninaoutumia, ili vipendeze na bei ipande.

Ili uweze kunihesabia: kasha hunichukua siku moja na nusu na vifaa vya Sh250, kiti cha enzi hunichukua siku tatu na vifaa vya Sh300, mbuzi natengeneza tano kwa siku, na kila moja hula vifaa vya Sh30. Kuna maonyesho mengine mwezi wa Desemba. Je, nishushe bei, nikubali agizo hilo, au nirudi kwenye cherehani?

Fundi wa Vidogo, Kibokoni

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nitaanza na yule bibi wa rula, kwa sababu yeye peke yake, katika watu wote waliopita mezani pako, alikupa ushauri wa bure, ila aliutoa kimyakimya. Kwa wakusanyaji wa vitu vya nyumba za wanasesere, kipimo kilichozoeleka kuliko vyote ni cha moja kwa kumi na mbili: kila futi moja ya kitu halisi huwa inchi moja ya kitu kidogo. Mafundi wetu wengi bado hupima kwa futi na inchi, kwa hiyo hesabu hii haitakusumbua hata kidogo. Ukipenda sentimita, gawanya kwa 12. Mtu mwenye kimo cha sentimita 168 atakuwa na sentimita 14, mlango wa sentimita 210 utakuwa na 17.5, na kiti cha enzi chenye kimo cha sentimita 120 kitakuwa na 10.

Sasa irudishe hesabu hiyo kwenye meza yako. Kiti chako cha sentimita 6, ukikizidisha mara 12, ni kiti cha sentimita 72, yaani kiti cha enzi cha mtoto wa chekechea. Kasha lako, kwa hesabu hiyo hiyo, lina urefu wa sentimita 180 na kimo cha sentimita 108, na hilo ni kasha la kumpita mtu mzima kiunoni. Anayeweza kuketi kwenye kiti hicho hawezi kulifunua kasha hilo bila kupandishwa juu ya kigoda. Mbuzi yako ya sentimita 4, kwa bahati njema, ni sawa na mbuzi halisi ya sentimita 48, nayo ni mbuzi ya jikoni kwa mtu yeyote. Yule bibi alikuwa na nyumba yake nyumbani, yenye vyumba na vimo vyake, na alikuwa akitafuta kitakachoingia humo. Mbuzi iliingia. Kiti na kasha havikuingia, hata kama uchongaji wake ulimvutia.

Hili ndilo jambo ambalo muuzaji wa mara ya kwanza hulikosa: mnunuzi wa kweli wa vitu hivi hanunui kipande, bali anajenga nyumba kidogo kidogo, na kila anachokinunua lazima kikubaliane na kile alichonunua mwaka jana kwa mtu mwingine katika nchi nyingine. Jicho ulilorithi kwa babako ni la thamani, nami sikuambii uliache. Nakuambia uliongezee rula. Chukua futi ya kupimia, uende Ndia Kuu na vichochoro vinavyoizunguka, uwaombe ruhusa wenye nyumba, upime milango yao ya kuchonga, baraza zao, na viti na makasha waliyorithi. Andika vipimo kwenye daftari, ugawanye kwa 12, kisha ukate vielelezo vya karatasi ngumu vya kila kitu unachokitengeneza. Kazi hiyo itakula wiki moja, na hutaifanya tena.

Yule baba aliyekuita mwizi, mbali na utovu wake wa adabu, alikuwa akisema jambo lile lile analolisema shangazi yako, kwamba hivi ni vichezeo. Hapo wamekosea wote wawili. Nyumba za namna hii zina historia ndefu ya kuwa mali ya watu wazima. Katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, ipo nyumba ya Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa hariri, ambayo ilikusanywa kuanzia 1686 hadi karibu 1710, na mwenyewe hakuwa mtoto. Nyumba ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika 1924, iko katika kasri la Windsor, nayo ina taa za umeme na mabomba yanayotoa maji. Huko Chicago, katika Art Institute, vipo vyumba vidogo 68 vya Narcissa Thorne vilivyotengenezwa kati ya 1932 na 1940. Nyumba hiyo ya Malkia na vyumba hivyo vya Chicago vinafuata kipimo hicho hicho cha moja kwa kumi na mbili. Huna haja ya kumhutubia baba yeyote habari hizi. Unachohitaji ni meza inayojieleza yenyewe kabla hajafungua kinywa, na leso iliyotandikwa vipande 70 haijielezi, kwa maana inafanana mno na meza ya vichezeo.

Hebu tuje kwenye bei, kwa kuwa umenipa hesabu safi kuliko barua nyingi ninazozipokea. Kasha la Sh1,800, ukitoa vifaa vya Sh250 na kugawanya kwa siku moja na nusu, linakulipa takriban Sh1,030 kwa siku. Kiti cha Sh1,500, ukitoa Sh300 na kugawanya kwa siku tatu, kinakulipa Sh400 kwa siku. Na mbuzi, ile uliyoitaja mwisho kana kwamba unaionea haya, inakubakishia Sh370 kila moja, na ukitengeneza tano kwa siku ni Sh1,850. Kazi unayojivunia kuliko zote ndiyo inayokulipa kidogo kuliko zote, na kitu cha jikoni ndicho kinacholilisha duka lako. Shangazi yako akisema ushushe bei nusu, kiti kitakuachia Sh150 kwa siku, na sidhani kwamba yeye mwenyewe angekubali kuchambua karafuu kwa ujira huo.

Kwa hiyo jibu langu ni kinyume cha lake. Bei za kasha na mbuzi ziache zilipo. Kiti cha enzi, kikishafikia sentimita 10 na kusukwa mgongo wake kwa uzi mwembamba sawasawa, kiuze Sh3,500. Hapo kitakulipa kiasi kile kile cha kasha, yaani zaidi kidogo ya Sh1,000 kwa siku. Ikiwa kwa kimo kipya kitachukua siku nne badala ya tatu, ongeza tena. Usitengeneze viti vingi. Viwili au vitatu kwa maonyesho mazima vinatosha, kwa maana kazi ya kiti ni kumsimamisha mtu, na kazi ya mbuzi ni kumfanya asiondoke mikono mitupu. Na kwa kuwa vitu vya jikoni ndivyo vinavyotoka, viuze kwa pamoja pia: mbuzi, kifumbu cha kuchujia tui, upawa, kinu na mchi wake, vyote ndani ya kikapu cha ukili kisichozidi kimo cha kidole gumba. Mzaliwa wa hapa anayeishi Nairobi au ng'ambo akiuona upawa wa sentimita 3 atamkumbuka nyanyake, na mtu anayemkumbuka nyanyake haulizi bei mara mbili.

Juu ya agizo la makasha 60 sina sababu ya kuzungukazunguka. Makasha 60 kwa siku moja na nusu kila moja ni siku 90 za kazi, na wiki sita zina siku 42, ukihesabu hata Ijumaa na Jumapili. Hata ukikubali leo, kesho utakuwa umeshachelewa. Kisha, kwa Sh900 ukitoa vifaa utapata Sh433 kwa siku, na fedha zenyewe utazipata siku atakapouza, siku ambayo wewe huijui na yeye haijui. Vifaa vya Sh15,000 utakuwa umevitoa mfukoni mwako. Huyo hanunui makasha, anakukopa.

Hata hivyo usimfukuze, kwa sababu muuzaji mwenye wateja ni mtu wa kufaa. Mrudie na agizo lako mwenyewe: mbuzi 60 kwa Sh270 kila moja, nusu ya fedha, ambayo ni Sh8,100, ilipwe kwa M-Pesa kabla hujashika msumeno, na nusu iliyobaki siku ya kukabidhi. Hiyo ni kazi ya siku 12, na itakulipa Sh1,200 kwa siku baada ya vifaa. Muandikiane, hata kama ni karatasi moja yenye idadi, tarehe na sahihi mbili. Akikataa malipo ya awali, utakuwa umejua jambo kubwa bila kupoteza kipande cha mbao.

Magamba ya kasa ya ami yako yaache yalipo, na usiyakubali yaingie kwenye karakana yako hata kwa kuangaliwa tu. Kasa ni viumbe wanaolindwa na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013, yenye adhabu kali, na biashara yao ya kimataifa imezuiwa na CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika 1975. Sheria haitauliza kama kasa alikufa juzi au zama za babu, wala kama kipande ni kikubwa kama sinia au kidogo kama ukucha. Mgeni akikamatwa nacho uwanja wa ndege atanyang'anywa, na jina lako ndilo litakalotajwa. Mfupa wa ng'ombe ni mzuri, ni halali, na viti vya enzi vya asili pia vimepambwa kwa mfupa tangu zamani. Kwenye kila kitambulisho cha bei andika wazi kwamba ni mfupa wa ng'ombe, kwa sababu mnunuzi mwangalifu akiona kitu cheupe kwenye mbao nyeusi hufikiria pembe za ndovu kwanza, na kwa hofu hiyo hukiweka chini bila kukuambia.

Kama unatumia mpingo, jua pia kwamba biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba huo huo tangu 2017. Ila bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo zimeachiliwa, na viti vyako vyote vya maisha havitafika huko. Kwa makasha, mbao ya mwembe inachongeka vyema na haina maswali.

Tuje sasa kwenye meza yenyewe, ambapo nadhani utapata faida ya haraka kuliko popote. Usipeleke vipande 70. Peleka chumba kimoja. Nyumba zetu za mawe zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mkoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, na wajenzi waliupanga upana wa chumba kwa kadiri ya boriti. Gawanya kwa 12 nawe utapata chumba cha upana wa sentimita 25 ambacho kinakaa mezani kana kwamba kiliumbiwa maonyesho. Ukikipa kimo cha sentimita 25 pia, na urefu wa sentimita 50 au 60, kikiwa wazi upande mmoja, utaweza kukibeba kwenye tuktuk juu ya magoti. Kuta zake zitie lipu nyembamba, uchonge vidaka vya ukutani, upange boriti za vijiti vya mishikaki darini, utandike mkeka, kisha uweke kitanda kimoja cha besera, kasha moja, kiti kimoja na chetezo. Ukishona shuka au pazia, usikate kipande cha leso halisi, kwa maana ua la leso lililo na upana wa kiganja litakuwa ukuta mzima humo ndani. Tafuta kitambaa chenye maua madogo mno, au uyachore kwa mkono.

Chumba hicho usikiuze. Kiinue mpaka kifike usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, hata kwa kuweka makreti chini ya leso, ili mtu asitazame kwa juu kama atazamaye nyanya sokoni, bali achungulie ndani. Akishachungulia ataanza kuuliza. Kando yake panga vitu vya kuuzwa kwa uchache, kila kimoja na bei yake, na vingine viache kisandukuni uvitoe vinapohitajika. Kiti cha Sh3,500 kiwekee kioo mbele, kwa ajili ya mikono ya watoto na kwa ajili ya upepo pia. Desemba ni mwezi wa kaskazi, na nimewahi kuona mkeka wa upana wa vidole vitatu ukipeperushwa kutoka meza ya fundi hadi kwenye sahani ya viazi karai ya jirani yake. Gundi nyeupe ya mbao nayo hulegea kwa unyevu wa pwani, hivyo viungo vya miguu ya viti vitie vijiti vya ndani badala ya kutegemea gundi peke yake.

Andika kibao kidogo kinachosema kwamba hivi ni vitu vya ukusanyaji na mapambo, vilivyotengenezwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, na kwamba havifai watoto walio chini ya miaka mitatu. Maneno hayo ya mwisho ni ya lazima, kwa sababu mchi wa sentimita kadhaa unaweza kumkaba mtoto. Pia yatamjibu yule baba bila wewe kusema neno. Chenji ya noti ndogo uwe nayo tangu asubuhi, na nambari yako ya till ya M-Pesa iandikwe kwa herufi za kusomeka na mtu asiyevaa miwani.

Vipande ulivyo navyo sasa visivyo na kipimo usivitupe wala usivichanganye na vipya. Vitie kwenye sinia moja pembeni, uviite vya ukumbusho, na hivyo ndivyo vya kushushia bei ukitaka. Makasha yale ya sentimita 15 yatawafaa watu kwa kuwekea pete na herini, na huenda yakatoka kwa bei ile ile, maadamu hayapo tena karibu na kiti.

Cherehani iweke mpaka Januari. Na shangazi yako mpelekee kimoja cha vile viti vya sentimita 6, akiweke juu ya televisheni. Akishakifurahia, mwambie bei ya kile cha sentimita 10.

Mshauri